Mtama Tusioula

Tulipomzika Mjomba Omari mwezi uliopita, kijijini kwao nje ya Handeni, kwenye mkeka wa wafiwa walikaa kina mama watatu waliojitanda nguo zao kwa namna ya Kisomali. Kijana mmoja aliyetuolea juzi tu, mtu wa Dar, alinisogelea akaninong'oneza, "Shikamoo mama mkubwa. Hawa Wasomali nao ni majirani?" Nikamjibu, "Marahaba. Hawa ni wafiwa kuliko wewe." Hakukasirika, masikini. Baadaye alinifuata jikoni nilipokuwa nachambua mchele, akaniomba radhi, akasema hajawahi kusikia kwamba kuna watu wa Somalia ambao lugha yao ya nyumbani ni Kizigua. Tayari alikuwa ametoa simu atafute. Nikamwambia airudishe mfukoni, maana ninayoyajua mimi hayamo humo. Nina mgahawa Korogwe, mwaka wa ngapi sasa nasikiliza watu wakinywa chai, na najua jinsi binadamu anavyopenda historia ya kushangaza. Mwambie jambo kama hilo atapiga meza, "Kumbe!", halafu ataagiza chapati nyingine. Simlaumu. Mwaka ule ninaotaka kuusimulia hata mimi nilisema kumbe nyingi sana, tena kwa furaha, kabla sijajua nilikuwa nashangilia nini.

Ulikuwa mwaka wa wakimbizi. Vita vya Somalia vilikuwa vimewamwaga watu kila upande, na wengine wakaletwa Handeni kwa malori, wakapigiwa mahema porini, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka kwa bibi mzaa mama. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo ambayo moyoni niliyajua, nikapelekwa kwa bibi nikamsaidie shamba. Nyumba yake ilikuwa ya fito na udongo, bati juu, vyumba vitatu vyenye kuta zisizofika juu, kwa hiyo ukipiga chafya chumba hiki unaambiwa "afya" kutoka chumba cha tatu. Tulikula ugali wa mahindi, makopa, kunde, mlenda, na siku ya mnada nyama kidogo. Mtama haukuingia. Haukuingia kama unga, haukuingia kama uji, hata bua la kutafuna hatukuruhusiwa kuvuka nalo kizingiti. Kila ukoo una mwiko wake; wapo wasiokula kambale, wapo wasiogusa nyama fulani ya porini, na ukoo wetu, tunaouhesabu kwa upande wa mama kama Wazigua wa zamani walivyohesabu, haukula mtama. Utotoni niliambiwa tukiula tunatoka upele. Niliamini kabisa. Siku moja shuleni nilipewa uji wa mtama bila kujua, na nilipoambiwa nikajikuna mpaka jioni.

Mjomba Omari, mtoto wa kwanza wa bibi, alikuwa kwenye kiwanda cha mkonge Ngombezi, akija nyumbani anapopata ruhusa, nguo zake zikinuka mkonge mbichi hata zikifuliwa. Alikuwa na utani wake kwangu, utani ambao wajomba wa kwetu wanarithishana: "Wewe binti, nisipoona maji ya kuoga sasa hivi, nakuweka rahani!" Nami nilikuwa namjibu, "Niweke mjomba, ila kwa mtu mwenye redio." Tunacheka, majirani wanacheka. Bibi hakucheka hata siku moja, nami nilidhani ni uzee tu, hapendi kelele.

Bibi alikuwa hakosi biashara. Kusikia kuna watu wengi wameletwa porini, alichemsha mhogo beseni zima, akanitwisha, tukaenda kukaa karibu na lango la kambi. Serikali ilikuwa imeleta mkalimani wa Kisomali, kijana mwenye miwani, nasi tukaambiwa tukitaka kuuza tupitie kwake. Akaja mama mmoja mtu mzima, mrefu, mwembamba, kajifunga nguo ya maua begani. Akainama, akaubonyeza mhogo kwa kidole, akauliza bei, akauliza kama ni mchungu. Aliuliza kwa Kizigua. Na sisemi Kizigua cha kubahatisha cha mtu aliyejifunzia sokoni. Kilikuwa kile chenyewe, tena cha zamani, chenye maneno niliyokuwa nayasikia kwa vikongwe tu. Kisu kilimtoka bibi mkononi. "La ilaha! We mama, Kizigua umekitoa wapi?" Yule mama akamtazama juu mpaka chini. "Nimekitoa kwa mama yangu. Wewe je, chako umekiokota?" Bibi akaangua kicheko, na mimi nikacheka, na yule mkalimani akavua miwani akasema, "Jamani, mimi nimeletwa hapa kutafsiri nini sasa?" Alikaa siku ile akinywa chai kwa mama ntilie, hana wa kumtafsiria.

Watu wengi hawalijui hili hata leo, hata hapa kwetu. Zamani za mababu, kulipoingia njaa, njaa ile ambayo wazee wanasema watu walichemsha ngozi wakala, Wazigua wengi waliteremshwa Pangani, wakapakiwa vyomboni, wakavukishwa bahari mpaka pwani ya Somalia, wakauzwa kulima mashamba ya watu. Baadhi yao walitoroka, wakaingia msitu wa mto Juba, wakafyeka, wakalima, wakapigania uhuru wao wenyewe. Na vizazi vyote hivyo hawakuacha lugha. Kule waliitwa majina mabaya kwa sababu ya nywele zao na pua zao, nao wakarudi jioni majumbani mwao wakawafundisha watoto Kizigua. Sisi tuliobaki kwenye udongo wenyewe, tena hatukuguswa na mtu, tulikuwa tumeshaanza kuona aibu kukisema mbele ya wageni. Mimi shuleni Korogwe nilikuwa najifanya sikijui.

Swali la Mzigua kwa Mzigua baada ya salamu ni ukoo. Bibi akauliza. Yule mama, jina lake Nuria, akautaja, na ulikuwa wetu. Bibi akaacha kumenya. Akauliza mlitokea wapi, yule akataja kijito kilichoko nyuma ya shamba letu, kwa jina ambalo siku hizi hakuna mtu anayelitumia isipokuwa bibi na wenzake. Akasema bibi wa bibi yake aliondoka angali binti mdogo, akamwacha mama yake na mapacha wachanga kifuani. Bibi akasema polepole, "Mmoja wa mapacha hao ndiye bibi wa mama yangu." Weee! Nilipiga vigelegele mimi mwenyewe, pale langoni, watu wakajaa kutazama. Wale vikongwe wawili wakakumbatiana juu ya beseni la mhogo. Bibi Nuria alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Bibi yangu alikuwa analia tu, na alilia muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Nilipokwenda Korogwe kufuata chumvi na mafuta ya taa, niliwasimulia rafiki zangu wote. Nilitembea nayo ile habari kama mtu mwenye kanga mpya. "Jamani, nina bibi katoka Somalia! Anajua Kizigua kuliko mama yangu!" Kumbe, kumbe, kumbe.

Bibi Nuria akaanza kuja nyumbani. Alikuwa anaondoka kambini alfajiri, anafika jua halijawa kali, anabisha hodi na kuingia chumbani kwa bibi moja kwa moja, wanakaa kitandani miguu juu, mlango wazi, nami nikiwa uani nasikia kila neno. Walibishana majina ya mimea. Walihesabiana waliokufa. Bibi Nuria alikuwa amepoteza wana wawili kwenye vita, na alilitaja jambo hilo mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, akaomba maji. Aliyopenda kuyarudia ni mengine. Kwao ilisimuliwa kwamba wageni walikuja na maneno matamu, wakasema ng'ambo kuna kazi na chakula, mtarudi mvua ikinyesha. Watu wakapanda vyombo kwa kudanganywa. "Na mjomba wetu," alikuwa akisema, na hapo sauti yake ilibadilika, "mjomba wetu alikimbia mpaka ufukweni akilia. Alitutafuta mpaka akafa. Kule tukitukanwa tuliwaambia watoto: nyamazeni, sisi tuna kwetu, na kwetu kuna mjomba anayetutafuta." Siku ya kwanza kusikia maneno hayo bibi alikuwa anamimina chai. Aliimimina mpaka ikajaa sahani, ikamwagika mkekani.

Alichokitaka Bibi Nuria kilikuwa kitu kimoja, na hakukificha. Alitaka kuhesabiwa. Alitaka akifa azikwe pale nyuma ya shamba, kwenye makaburi ya ukoo, siyo kambini kwenye makaburi ya watu waliofia safarini. "Sitaki kuwa mgeni wenu," alimwambia bibi. "Mgeni anaandaliwa peke yake. Mimi nataka tuchovye bakuli moja." Bibi akamwambia, "Inshallah, dada, mbona tunachovya?" Na kweli tulikuwa tunachovya, mpaka siku aliyoamua kutupikia yeye.

Kambini walikuwa wanapewa mahindi. Alikuwa ameyabadilisha mahindi yake mnadani akapata mtama, akautwanga mwenyewe kwa mikono ile iliyokonda, akaupepeta, akaja na unga kwenye kitambaa cheupe, na chupa ndogo ya mafuta ya ufuta. Alinifukuza jikoni. "Leo kaa, mjukuu. Leo mtakula chakula alichopika mama yetu." Alisonga ugali mwekundu, laini, akauchimba shimo katikati akamimina yale mafuta, harufu ikajaa nyumba nzima. Akauweka kwenye sinia, tukanawa. Akamega yeye. Bibi akanyoosha mkono, ukafika karibu na sinia, ukasimama. "Tumbo, dada," akasema. "Tangu asubuhi tumbo halinitaki." Bibi Nuria akasema pole, akanigeukia mimi. "Haya, mjukuu." Nami nikasema tumbo. Mungu wangu, wote wawili tumbo! Bibi Nuria hakuuliza zaidi. Alikula mwenyewe, kwenye sinia la watu watatu, na alipomaliza akanawa na kutuombea afya.

Alituachia unga uliobaki, tupike tukipona. Hapo ndipo bibi alipochanganyikiwa. Unga ule haukuweza kulala ndani ya nyumba, kwa sababu ya mwiko. Haukuweza kutupwa, kwa sababu kwa watu wa kwetu chakula hakitupwi, kutupa chakula ni kuiita njaa kwa jina. Na hakuthubutu kumpa jirani, maana kijiji ni kidogo, maneno yangefika kambini kabla ya jua kuzama. Basi akauloweka na pumba, akawamwagia kuku. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja na lile beseni, kuku wanagombania, Bibi Nuria akatokea kona ya nyumba. Alikuwa amesahau kitambaa chake. Alitazama chini. Unga wake aliujua, hata ukiwa na pumba. Akasema, "Kuku wako wanakula vizuri, dada." Akachukua kitambaa kwenye kamba, akaondoka. Bibi alimwita mara nyingi. Hakugeuka.

Hakuja tena. Wiki ikapita, ikapita nyingine. Bibi aliacha kula sawasawa. Alikuwa anakaa na sahani mapajani mpaka ugali unakauka, kisha anawaita wale wale kuku. Nikamwambia, "Bibi, si twende tu tukamwambie ni mwiko? Mbona jambo dogo." Akanijibu kwa ukali ambao sijauzoea, "Wewe usiseme jambo usilolijua ukubwa wake." Akampa dereva wa lori salamu kwenda Ngombezi, kwamba Omari aje, aache anachofanya.

Mjomba alifika mchana wa siku ya pili yake. Bibi akamwingiza chumbani, mimi nikaambiwa nikapukuchue kunde, nami nikapukuchulia chumba cha pili. Nimeshasema kuta za nyumba ile zilivyokuwa.

"Mwambie ni mwiko wa ukoo, mama," alikuwa anasema Mjomba. "Yeye ni Mzigua, ataelewa."

"Ukoo ni wake pia, Omari. Ataniuliza, mbona yeye na mama zake wanakula?"

Halafu bibi akaanza kuyasema yote, na nadhani hakuwa anamsimulia Mjomba, maana Mjomba aliyajua. Habari hiyo walirithishwa wanaume waliokuwa na cheo cha mjomba na wanawake waliokwisha kuzaa, sisi wengine tukapewa hadithi ya upele. Alikuwa anayasema tu ili yatoke. Kwa desturi ya zamani watoto walikuwa wa ukoo wa mama, na mwenye neno juu yao alikuwa mjomba. Njaa ikizidi, mjomba aliweza kumchukua mtoto wa dada yake akamweka rahani kwa mwenye chakula. Haikuitwa kuuza. Mtoto atakaa huko akifanya kazi, mvua ikinyesha na watu wakivuna, mjomba atarudisha nafaka na kumkomboa. Ndivyo mjomba yule alivyomwambia dada yake. Alimshika binti mkono wakateremka Pangani, akarudi na vikapu vya mtama. Mapacha wakanywa uji. Mapacha wakapona.

"Na mvua ilinyesha," bibi akasema.

"Najua, mama."

"Ilinyesha msimu uliofuata tu! Mtama ukajaa mpaka ghalani hamna nafasi. Akasema ngoja tupalilie. Wakapalilia. Akasema ngoja tuvune. Wakavuna. Ikaja harusi. Akasema njia ya Pangani ina wanyang'anyi, ngoja itulie. Kila siku ngoja. Dada yake akaenda kusimama mbele ya ghala lililojaa, akaapa kwamba mtama hautaingia kinywani mwake wala vinywa vya watoto wake mpaka binti yake arudishwe."

"Sasa si amerudi?" Mjomba akapandisha sauti, nikasikia furaha kabisa ndani yake. "Mama, tazama jambo lenyewe lilivyo! Amerudi! Tuchinje mbuzi, tufanye tambiko, tukae naye tule mtama, yaishe. Hili ni jambo la kushangilia."

"Amerudi, ndiyo. Nani kamrudisha? Wewe? Mimi? Wamemrudisha watu na bunduki zao."

Kunde zilikuwa zinanidondoka, naziacha.

"Ukimwambia utamvunja, mama," Mjomba akasema, safari hii taratibu. "Ana nini tena huyu? Wana hana, nyumba hana. Alichobaki nacho ni huyo mjomba aliyelia ufukweni. Unataka kumnyang'anya na huyo?"

"Na nikinyamaza, amebaki na nini? Amebaki na kuku wangu."

Nimefikisha umri ambao bibi alikuwa nao, au karibu, na bado sijajua ni nani kati yao aliyekuwa na haki siku ile. Ninachojua ni kilichonipata mimi nyuma ya ukuta. Nilikuwa nimefurahia utani wa rahani maisha yangu yote. Nilikuwa nimeomba mtu mwenye redio! Na nilielewa, bila mtu kunieleza, kwamba pacha yule angekufa asingemzaa bibi wa nani wala mama wa nani, na mimi nisingekuwepo kupukuchua kunde. Nimewahi kuwasimulia watu hili, wakaniambia, "Mama, kosa lako wewe liko wapi?" Kosa sina. Ninao uhai, na najua ulinunuliwa kwa nini, na aliyetolewa kuwa bei hakuulizwa. Hilo halina dawa. Nikiwa napika uji wa asubuhi pale mgahawani, wa mahindi, wa ulezi, huwa linanijia, natia sukari, naendelea na kazi.

Tulikwenda kambini kesho yake asubuhi, bibi, Mjomba na mimi. Mjomba alivaa kanzu. Alitaka tubebe jogoo wa kuombea radhi, bibi akamkatalia: "Tumpelekee kuku? Atatuuliza mbona hatukubeba na pumba." Kwa hiyo tulikwenda mikono mitupu.

Hema la Bibi Nuria lilikuwa safi kama chumba cha bi harusi. Mkeka, dumu la maji, sanduku moja la bati, na harufu ya ubani. Alitukaribisha, hakuacha adabu hata kidogo. Akatupa maji ya kunywa, akamuuliza Mjomba habari za kazi, akamtolea bibi kigoda. Bibi hakukikalia. Alikaa chini kabisa, kwenye udongo, nje ya mkeka. "Dada," akasema, "nimekuja kukwambia kwa nini hatukula."

Akamwambia. Hakupunguza. Alimwambia kwa Kizigua kile kile walichokuwa wakicheka nacho, na Bibi Nuria alisikiliza mikono yake ikiwa juu ya magoti, macho yake kwenye mlango wa hema. Ilipofika pale pa mjomba kumshika binti mkono, alifumba macho, akafumbua. Bibi alipomaliza, nje watoto walikuwa wanacheza mpira wa matambara, ndio uliosikika peke yake.

"Hao mapacha," Bibi Nuria akasema. "Walipona?"

"Walipona."

"Wote wawili?"

"Wote wawili, dada."

Akatikisa kichwa kama mtu anayekubali bei. Nilidhani yamekwisha. Mjomba naye alidhani hivyo, maana alishusha pumzi. Kisha akauliza, "Na mvua?"

Mjomba akawahi. "Mama yangu, njia za siku zile zilikuwa na wanyang'anyi, tena—"

"Ilinyesha," bibi akasema.

Uso wa Bibi Nuria haukuwa na hasira, na afadhali ungekuwa nayo. Ulikuwa uso wa mtu anayerudi nyuma kizazi kwa kizazi akiwaambia watu wake, mmoja mmoja, jambo lile lile. Mjomba Omari, ambaye sikuwahi kumwona akipiga magoti isipokuwa kwenye swala, alipiga magoti na kanzu yake. "Tusamehe. Mimi ndiye nimekaa kwenye kiti cha yule mjomba, basi lawama nipe mimi. Njoo nyumbani, mama. Utazikwa kwetu, utahesabiwa, hakuna wa kukuuliza. Tutakula huo mtama na wewe, leo hii ukitaka. Mwiko uishe."

"Mwiko ni wenu," akasema. "Mimi sikuuweka, na sitawaondolea." Halafu akamgeukia bibi. "Nitakuja. Kesho nitakuja, mnionyeshe yule mama aliyeapa alipolala. Yule ndiye aliyetusubiri." Bibi akaanza kumshukuru, naye akainua mkono kumnyamazisha. "Ngoja kwanza. Umesema binti. Umesema mtoto. Tangu ulipoanza kusema, mtoto, mtoto. Aliitwa nani?"

Bibi akamtazama Mjomba. Mjomba akamtazama bibi, kisha, sijui kwa nini, akanitazama mimi.

"Hatujui, dada," bibi akasema. "Sisi tuliambiwa mtoto tu."

"Mtama mmeukumbuka," Bibi Nuria akasema, na ndipo sauti yake ilipokatika kwa mara ya kwanza. "Miaka yote hii mmeukumbuka mtama."

Alijifuta uso kwa upande wa nguo yake. "Aliitwa Mnakiva," akasema. "Kwetu kila kizazi kina Mnakiva, jina lisije likapotea, ili siku tukirudi mtutambue kwa hilo." Akanyoosha kidole kwa bibi. "Sema."

Bibi akasema, "Mnakiva." Mjomba akiwa bado magotini akasema, "Mnakiva." Kidole kikaja kwangu, na mimi nikalisema kwa mnong'ono.

"Sikusikia," akasema Bibi Nuria. "Rudia."